Maji Ndani ya Chupa ya Piloti

Asubuhi ile uwanja wa ndege wa Kasongo ulikuwa umelala chini ya ukungu, na ndege ndogo ilionekana kama kitu nilichokiota. Ilikuja kumpeleka koko, mama ya baba yangu, Bukavu akapasuliwe macho.

Piloti alinyonya mafuta kidogo kutoka pipa la kwanza kati ya yale yaliyolazwa kando ya uwanja, akayatia mu chupa, akaiinua kwa mwangaza. Yaling'aa kama mkojo wa malaika. Lakini chini yake kulikuwa na matone ya maji, mazuri kweli, yakitembea polepole kama yana usingizi.

"Iko maji! Mafuta yamekuja mabaya. Leo haturuki."

Koko akakaza kitambaa chake cha kichwa. Siku hii aliingojea mwaka mzima.

Hapo nikakumbuka. Mapipa yale hulazwa ubavu, lakini juzi mimi na wenzangu wa darasa tulisimamisha matatu, tukakaa juu yake kutazama mpira. Mvua ikanyesha usiku, maji yakatuama juu ya vizibo, yakapenya ndani. Asubuhi tukayalaza tena, watakatifu kabisa.

"Papa piloti," nikasema, "ni sisi tuliyasimamisha. Lile la nyuma hatukuligusa."

Akalipima. Chupa ilikuwa safi mpaka chini. Akaanza kujaza tangi.

Koko akageuza uso kuelekea sauti yangu.

"Mujinga weye! Nikirudi na macho, nitaona vizuri pa kukuchapa."