Kinyozi na Pango la Samaki

Jirani yangu kinyozi akitoka kazini hukunja shati mpaka viwikoni, akazamisha mikono kwenye tangi la samaki sebuleni, akapanga mawe na vigae mpaka lipatikane pango la giza kama la ziwani. "Jike hatagi hadharani, dada," huniambia kwa sauti ya chini. "Samaki naye ana aibu zake." Jana nilimkuta anaziba upenyo wa mwanga kwa kijiwe. Nyuma yake mama yake, anayelala kwenye kochi tangu ahamie hapo, alikuwa anabadili nguo chini ya shuka. "Usigeuke, baba," mama alisema. Kijiwe kikamponyoka kinyozi. "Tayari, baba," mama akasema baadaye. Kinyozi hakugeuka. Alibaki ameinama, mikono majini, nami nikajifanya natazama samaki.