Nafasi ya Mama Fomu Chuoni

Pale hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauguzi walimbandika jina la Mama Fomu, ingawa mtoto hakuwa naye, kwa sababu tangu aanze kazi ya ustawi wa jamii hakuonekana bila fomu kwapani: ama za wagonjwa, ama zake mwenyewe za kuombea chuo. Alikuwa na miaka arobaini na mbili. Kila msimu wa maombi ulipofika walimtania, "Vipi, mwaka huu tunakuaga au tunakupa pole?" Mara mbili walimpa pole.

Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Humo aliketi na simu ya mezani iliyozungushiwa plasta ya vidonda, akitafuta ndugu wa wagonjwa waliopona lakini hawana wa kuwachukua. Kazi aliimudu. Kilichomkwaza ni kwamba kwa shahada yake moja aliruhusiwa kupendekeza tu. Wa kuamua alikuwa mkuu wa kitengo, mwenye uzamili. Aliwahi kupendekeza kikongwe mmoja, fundi cherehani, asirudishwe kwa mwanawe aliyekuwa akimfungia ndani kutwa. Mkuu akasaini arudishwe, maana kitanda kilihitajika. Wiki tano baadaye fundi akaletwa amebebwa, hata maji hayapiti kooni, akafariki kabla faili lake halijafunguliwa upya. Siku hiyo Mama Fomu alikula yamini kwamba ile kalamu ya kuamua ataishika yeye.

Kwa hiyo akaomba mara ya tatu. Aliamka alfajiri, mama yake angali amelala chumba cha pili, akasoma nadharia za familia na takwimu zilizomtoa jasho kuliko kufua mablanketi. Barua ya udhamini aliifuatilia kwa mkuu wake miezi miwili, kila akigonga, mkuu anasema, "Iko mezani." Kweli ilikuwa mezani, chini ya kikombe.

Maelezo yake binafsi aliyaandika mara tisa, na kila mara alimsomea mama. Mama yake alikuwa mpishi wa shule, mwanamke wa kupiga kelele na kucheka, hadi kiharusi kilipomchukua upande wa kulia pamoja na ulimi. Neno lililombakia lilikuwa moja tu: "Basi." Akitaka maji, basi. Akiumia, basi. Mama Fomu alisoma kurasa mbili kuhusu fundi cherehani, mama akamtazama kwa lile jicho zima, akasema, "Basi."

"Basi nzuri au basi mbaya, mama?"

"Basi."

Wakacheka wote wawili, kila mmoja kwa nusu aliyonayo.

Kwenye usaili walimkalisha mbele ya wahadhiri watatu. Mmoja, mwanamke mfupi aliyekuwa akichora maua pembeni ya karatasi, akamuuliza, "Mapendekezo yako yakikataliwa, unafanya nini?"

"Nabaki na mgonjwa," akasema Mama Fomu. "Ndiyo kitu pekee ninachoruhusiwa."

Yule mhadhiri akaacha kuchora. Siku kumi na nane baadaye barua ikaja: amekubaliwa. Wauguzi walimbeba juujuu kwenye korido mpaka daktari akawafokea.

Masomo yalikuwa ya miaka miwili, darasani kila siku, na chuo kilikuwa mji mwingine, safari ya kutwa nzima; jirani aliyemwangalia mama mchana asingeweza kumlaza na kumgeuza usiku. Likizo ya masomo aliipata. Jumamosi ya wiki hiyo akaenda kwa kaka yake, dereva wa lori, wakaketi kibarazani.

"Kaka, mzazi ni wetu sote. Nakuomba miaka miwili tu."

"Nakuelewa, mdogo wangu. Lakini nyumba yenyewe unaiona. Na wifi yako mgongo unamsumbua."

"Basi hata mwaka mmoja, mengine tutajua mbele."

"Si mnayo nyumba ya wazee nyie watu wa ustawi? Kule kuna wataalamu. Mimi hata kumgeuza sijui."

Maneno hayo aliyajua yote. Kwa miaka kumi na sita ameyasikia kwenye ile simu yenye plasta, na majibu yake amekwisha kuyanoa. Akayatoa moja baada ya jingine: damu nzito kuliko maji, kumgeuza mgonjwa kunafundishika kwa nusu saa, mzee hafi kwa ugonjwa tu, hufa pia kwa kusahauliwa. Kaka yake alimsikiliza kwa adabu, wala hakumkatisha.

"Unaongea vizuri sana," akasema mwishowe. "Ndiyo maana wamekuchukua."

Jumatatu akaenda nyumba ya wazee. Msimamizi alimpokea kwa uchangamfu, wamezoeana. "Umetuletea nani leo?"

"Leo nimekuja kuangalia tu."

Msimamizi akamkazia macho kidogo. "Ni wako?"

Mama Fomu akapita ukumbini. Vitanda vilikuwa vimepangwa, sakafu safi; mhudumu mmoja kwa wazee kumi na tisa. Karibu na dirisha bibi mmoja aliyevaa blauzi ndani nje alimshika mkono wa gauni. Mama Fomu alimtambua. Yeye mwenyewe ndiye aliyemleta.

"Mwanangu," bibi akasema, bila hasira, "uliniambia ni kwa muda."

"Ndiyo, bibi."

"Sasa huo muda haujafika?"

Mama Fomu alisimama pale mpaka mkono wa bibi ulipochoka wenyewe ukaanguka.

Aliandikia chuo akiomba nafasi isubiri mwaka mmoja. Wakamjibu kwa mistari mitatu yenye heshima kwamba nafasi haihamishiki, na kwamba anakaribishwa kuomba upya. Barua hiyo akaisoma kazini, akaiweka chini ya kikombe chake, akampigia ndugu wa mgonjwa wa wodi ya sita. Simu haikupokelewa. Akapiga tena.

Wauguzi hawakumtania. Hilo lilimuuma kuliko pole.

Mwezi uliofuata, asubuhi ya siku yake ya mapumziko, muuguzi mmoja kijana alikuja nyumbani kwake. Naye alikuwa anaanza kujiandaa kuomba. Mama Fomu akamtolea vitabu, vyote kumi na vinne, pamoja na daftari la takwimu.

"Lakini dada, hutavihitaji tena?"

"Chukua. Hicho chekundu usikichorechore, cha maktaba."

"Si utaomba tena mwakani?"

"Wewe omba."

Alimsindikiza hadi mlangoni, akamsaidia kujitwisha kifurushi. Halafu akarudi ndani, akanawa mikono, akaenda kumgeuza mama yake upande wa pili.