Firenze Juu ya Paa

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikasimama nje na bahasha ya vyeti mkononi. Nilikuwa nimevuka hamsini, mjane mwenye mwana mmoja wa kiume, mzaliwa wa Unguja niliyeletwa Arabuni na wazazi kabla sijang'oa meno ya utoto. Nilikaa Riyadh, mtaa wa Shumaisi, kwa kaka yangu, na kafili wangu, yule mwenyeji aliyenidhamini kibali cha kukaa na kufanya kazi, alikuwa na ofisi ya safari. Miaka ile watu walimiminika kutoka Kenya na Uganda, madereva na wasichana wa kazi, na ofisi nyingi ziliwashughulikia wao. Yetu iliwashughulikia wenye nchi waliotaka kwenda Ulaya.

Mudir, ndiye msimamizi, alinipa meza ya wanawake na ramani ya Firenze, mji wa Italia wenye picha na sanamu kila kona. "Wateja wako hawataki gari," aliniambia. "Wanataka kutembea. Wewe watafutie pa kulala." Nilikaribia kucheka. Mimi mwenyewe, kutoka nyumbani hadi ofisini, nilimngoja dereva asubuhi na jioni, siku nyingine saa nzima, miguu ikiniwasha, maana miaka ile mwanamke hakuruhusiwa kuendesha gari, wala desturi haikumwacha atembee peke yake barabarani.

Nikajifunza. Kazi yenyewe si kuandika jina na kutoa vocha, ile karatasi ya kuonyesha hotelini kwamba umeshalipa. Kazi ni kujua mteja ataamkia wapi. Karibu na stesheni ni rahisi, ila makelele. Karibu na kanisa kuu kila kitu kiko mlangoni, na umati nao uko mlangoni. Ng'ambo ya mto kumetulia, lakini utavuka daraja kila siku. Na katikati ya mji magari mengi hayaruhusiwi, kwa hiyo wakala akikosea hoteli, anayeumia ni mwenye miguu.

Kilichonikera ni maneno ya hoteli: dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi za nani? Nikabuni njia yangu. Nilipima mtaa kwenye ramani kwa uzi, nikaugeuza kuwa hatua, kisha baada ya sala ya alasiri nikapanda juu ya paa la nyumba ya kaka, penye matangi ya maji na kamba za nguo, nikazunguka. Kila mzunguko punje moja ya tasbihi. Wifi yangu alinicheka mpaka akachoka. "Wifi, utatutoboa dari," alisema. "Leo umefika wapi?" Namjibu nimefika darajani. Nilikuwa situlii, na paa lile lilinisaidia kidogo.

Ndipo akaja Abla Widad, mwalimu wa kuchora aliyestaafu, goti lake la kulia bovu, fimbo mkononi. Miaka yote alifundisha wasichana rangi ya buluu kwa ukurasa mmoja wa kitabu, picha ya ukutani iliyo katika nyumba ya zamani ya watawa kule Firenze. Mwanawe alitaka alale hoteli kubwa nje ya mji, awe na gari na dereva. Yeye hakutaka.

"Nimengoja madereva maisha yangu yote," aliniambia. "Nataka nitoke mlangoni kwa miguu yangu, niifikie ile picha, nisimwombe mtu. Kabla goti halijakataa kabisa."

Maneno yale yaliniingia kama ya kwangu. Nilimtafutia hoteli ng'ambo ya mto yenye dirisha linaloonyesha mji mzima, maana nilidhani mwalimu wa kuchora atapenda dirisha. Hadi darajani ilikuwa mizunguko kumi na miwili. Niliizunguka yote, nikaona anaweza kupumzika hapo kisha akaendelea.

Paa halina kilima. Hoteli ilikuwa juu mlimani, barabara ya mawe, ngazi juu ya ngazi, na mimi sikujiuliza kwa nini dirisha lile linaona mji mzima. Abla alishuka siku ya kwanza, na kurudi juu akabebwa mikononi na vijana wawili. Siku zilizobaki alikaa dirishani. Mwanawe alipokuja ofisini alinisema mbele ya wote. Mudir alisubiri aondoke. "Halas, basi, yamekwisha," akasema. "Tawi la Jeddah linataka mtu." Nilifungasha huku nikilia kwa hasira, na hasira ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Jeddah niliwekwa Al-Rawdah, mtaa wa matajiri, chini ya Mudira, mama mkali aliyehesabu hata vikombe. Nilifanya kazi mwaka mzima bila kugusa Firenze. Mteja akiitaja, namsukumia mwenzangu. Siku moja mlango ukafunguliwa, nikasikia fimbo kabla sijamwona mtu. Abla Widad alikuwa amehamia kwa binti yake, jirani tu. Goti lilikuwa limezidi, na daktari alishampangia kulipasua. Alitaka kwenda kabla.

Nilimwambia aende kwa mwenzangu.

"La. Wewe umeshakosea," alisema. "Yule ataanza upya, na goti langu ndilo atakalojifunzia."

Safari hii sikuzunguka peke yangu. Nilimchukua juu ya paa la nyumba niliyopanga, yeye na fimbo, mimi na tasbihi. Alizunguka mara tisa, akaketi kwenye ndoo niliyoipindua. Akapumzika, akaongeza nane. Basi nikajua ninachotafuta: njia tambarare ya mizunguko kumi na saba, yenye pa kukaa kwenye wa tisa. Nilipiga simu hoteli moja baada ya nyingine kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Lifti ipo? Kabla ya lifti kuna ngazi? Ngapi? Nje kuna mawe au lami? Wengine walinikatia. Mudira aliuliza kama nanunua hoteli au nakodi chumba.

Mwisho nikapata chumba kidogo chenye dirisha linalotazama ukuta. Kibaya, nilimwambia Abla wazi. Lakini lifti inaanzia chini, njia ni tambarare, na katikati ya njia upo uwanja wenye viti vya mawe. Akasema dirishani alishakaa vya kutosha.

Alipoondoka sikulala vizuri. Siku ya pili simu ikaleta ujumbe wa sauti. Hakuna neno, fimbo tu kwenye mawe na pumzi yake. Nikatoa tasbihi, nikafuatana naye, nikihesabu hatua kwa mlio wa fimbo. Karibu na mzunguko wa tisa fimbo ikanyamaza, nikamsikia akishusha pumzi, amekaa. Akanyanyuka. Nilipofika punje ya kumi na saba nikangoja kilio cha furaha. Fimbo ikaendelea. Kumi na nane, kumi na tisa. Nikashika kichwa: nimempoteza tena.

Kisha sauti yake. "Bi Zuhura, mlango wa ile picha nimeuona. Nimeupita. Picha nitaiona kesho, haikimbii. Leo hakuna anayeningoja."

Nililia ofisini, na sitaficha: nusu ya machozi ilikuwa kijicho. Yeye yuko njiani, mimi namngoja dereva.

Nimestaafu sasa, nimerudi Unguja, na Firenze sijaiona wala sidhani nitaiona. Ninyi mnaoanza kazi hii mna ramani zinazosema na kuonyesha hadi vilima. Vizuri. Lakini mwulizeni mteja anataka kufika wapi, kisha mwulizeni tena anataka kuondokana na nini. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga.

Kila asubuhi natafuta kanga na kandambili zangu. Mkamwana wangu, anayeogopa nisianguke, hunisimamisha mlangoni. "Bibi, unakwenda wapi?" Namwambia sijui. Nitamwambia nikirudi.