Kiganja Juu ya Spika

Mwalimu wa watoto viziwi hapa Ishiara hufundisha kwa mikono, lakini mdomo nao haunyamazi. Hunong'ona kama mtu anayeombea chakula. Vidole vyake vina chaki hata Jumapili. Akiwasha kompyuta, hupangusa kioo kwa tai, kisha huweka kiganja chake juu ya spika aliyoiazima kanisani, awe wa kwanza kuhisi mtetemo. Akimaliza kueleza, hukukazia macho mpaka uitikie kwa kichwa.

Nilimwendea kwa sababu Wanjira wangu alikuwa akijificha chini ya kitanda kila radi ikipiga. Sokoni walinicheka: kiziwi anaogopa radi gani? Yeye hakucheka. "Mama Wanjira, anasikia ardhi ikitetemeka. Anadhani nyumba inaanguka." Akamwonyesha video: mwanga ukapasua wingu, akaulaza mkono wa mtoto juu ya spika, ikanguruma. Akarudia, akarudia tena, mpaka mtoto akatabasamu.

Jana mvua ilikuja na vishindo vyake. Nikachungulia chini ya kitanda, hayuko. Alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mabati. Akaweka kiganja chake kwanza, halafu changu, akanikazia macho mpaka nikaitikia kwa kichwa.