Sahani ya Kumi

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, Jumamosi moja ya Februari, nilipanga sahani kumi kwenye meza yetu huko Champlin. Wanachama tulikuwa tisa, mimi na mke wangu tukiwamo. Mke wangu alizipitia kwa macho, akasema, "Kumbe umeamua." Nikamjibu kwamba nimeamua tangu Jumatano.

Chama chetu kilikuwa cha kuzikana. Wengi walikuwa Wakenya, Mtanzania nikiwa peke yangu, na sote tuliishi vitongoji vya kaskazini mwa Minneapolis. Mtu wetu akifariki tulikaa matanga, tukapika, tukachanga, tukasafirisha mwili au tukazika hapahapa kwenye theluji. Nani asaidiwe, na kwa kiasi gani, tuliamua kwa kura.

Kura hizo zilihesabiwa kwa sahani. Karibu sote tunafanya kazi kwa zamu, hospitalini au katika nyumba za kutunzia wazee, na vikao vya mwanzo vilivurugika. Huyu aliingia mambo yakiwa yamekwisha, yule aliondoka katikati kuwahi kazi, na baadaye kila mmoja alidai alikuwapo. Tukakubaliana tule kwanza. Mwenyeji anapanga sahani. Aliyekula ana kura, na ambaye sahani yake imebaki safi hana. Kwa kuwa mgeni hakuwahi kualikwa, hakuna aliyekumbuka kuandika lolote juu ya mgeni.

Jumatano hiyo katibu wetu, binti wa Kikenya anayesomea shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa, alitutumia rasimu ya "sera ya ushirikiano na majirani". Aliinakili kutoka Ulaya, na hakuficha. Jumuiya ya nchi za Ulaya ilipopanuka ilijikuta imepakana na watu wapya, ikawatungia sera: wa mashariki, kama Ukraine, Moldova na Georgia, na wa kusini ng'ambo ya Mediterania, kama Moroko, Tunisia na Misri. Mtapata soko letu, iliwaambia, mtapata fedha, na wengine watarahisishiwa viza. Anayerekebisha mambo yake zaidi atapewa zaidi. Kiti cha kuamulia hakikuwamo.

Niliifahamu sera hiyo. Sikusoma chuo, lakini kwa majira mawili ya baridi nilikuwa nikiazima vitabu juu yake maktabani na kuvisoma wakati wa mapumziko hospitalini Coon Rapids, ambako nasafisha vyombo vya upasuaji na kuvipanga kwenye trei. Nilianza kwa kutaka kujua kwa nini vijana wanaovuka kwenda Ulaya wanazama katika bahari ile ya Mediterania, nikajikuta naijua Moldova kuliko wilaya niliyozaliwa.

Katika rasimu yetu, majirani wa mashariki walikuwa Wakongo wa Frogtown, upande wa Saint Paul. Hawa wangekuja kwenye matanga yetu kupika na kuimba, kama walivyokwisha kufanya mara nyingi bila kuombwa, na wangepewa msaada kulingana na alama ambazo sisi tungewapa. Majirani wa kusini walikuwa familia za Kitanzania za Burnsville. Wangepewa kidogo, kwa sharti kwamba wamalize shida zao hukohuko na wasiwaelekeze watu wao kwetu.

Nilimsomea rasimu hiyo mama mmoja wa Kikongo tunayefanya naye kazi. Anahudumia wagonjwa wodini, na ndiye kiongozi wa wenzake wa Frogtown. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake.

"Bon, sawa," akasema. "Tupike, tuimbe, tuoshe masufuria. Na siku mama yangu atakufa, nani ataamua?"

"Sisi tisa."

"Na mi nitakuwa wapi?"

"Nje ya meza."

Mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, anaishi naye, na mwaka huo alikuwa ameanza kukataa chakula.

"Papa, mi siogope kupika," akasema. "Niko naogopa kukaa ku mlango, nangoja munihesabie alama na maiti iko ndani."

Nikamwambia aje kwangu Jumamosi, na aje na njaa.

Alikuja na sufuria ya sombe, kile kisamvu cha kwao kilichopondwa kikalainika. Mwenyekiti, ambaye ni mcheshi na hupenda kula, alimpokea mlangoni.

"Karibu mama! Umetuletea nini?"

"Sombe. Na tumbo yangu."

Wote wakacheka. Hakuna aliyeuliza kwa nini ameketi kati yangu na mke wangu. Tukala ugali, kuku na sombe. Mwenyekiti aliongeza mara mbili.

Baada ya kula katibu alisoma rasimu yake, vizuri na kwa utaratibu. Nikaomba kusema.

"Hao wa mashariki huko Ulaya, baadhi yao walikuja kukubaliwa kuwa wanasubiri kiti. Lini?"

"Baada ya vita, mzee. Ukraine iliposhambuliwa."

"Na wa kusini?"

"Wa kusini hawajaahidiwa." Alijibu bila kukwepa, na kwa hilo namheshimu hadi leo. "Lakini mzee, sera ile haikudanganya mtu. Iliwaambia mapema kiti hakuna."

"Kweli. Mimi sikatai kwa sababu ni uongo. Nakataa kwa sababu ni kweli. Sitaki tungoje mtu afe ndipo tukumbuke kumvutia mwenzetu kiti."

Mwenyekiti akagonga meza. "Hapa si Ulaya, hapa ni Champlin! Na wewe, si ni wa kusini mwenyewe? Mtanzania wa ndani!"

Kicheko kikapita meza nzima. Mimi pia nilicheka, maana ilikuwa nzuri.

"Wa ndani, ndiyo. Niliingia kwa anwani ya nyumba. Ningenunua Burnsville, leo mngekuwa mnanipa kidogo na kuniambia nibaki hukohuko."

Tukapiga kura. Waliounga mkono walikuwa watano, tuliokataa wanne. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kusema imepita.

"Hesabu sahani," nikasema.

Katibu akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. "Ziko kumi."

Mama wa Frogtown akanyoosha mkono. Alikuwa amerudia ugali, na vidole bado viling'aa mafuta ya mawese. Tano kwa tano. Katiba yetu ilisema kura zikilingana hoja imeanguka.

"Hiyo sahani imetoka wapi?" mwenyekiti akauliza. "Iondolewe."

Hakuna aliyeinuka. Tulikuwa tumelelewa vijiji tofauti na nchi tofauti, lakini hakuna kati yetu aliyefundishwa kumwondolea mgeni sahani mbele yake.

"Nyumba ni yangu," nikasema, "na mgeni anakula."

Mke wangu akachukua mwiko, akamwongezea ugali.

Jumatatu mwenyekiti alinipigia simu. Walikuwa wamekutana nyumbani kwake Jumapili, bila mimi wala mke wangu, na hoja ikapita. Hakuwa na hasira. Alitaka tu nitamke kikaoni kwamba sahani ile iliwekwa kimakosa.

"Sema ulikosea kuhesabu, mzee, yaishe. Wewe ni wetu."

"Hospitali inanilipa kuhesabu mikasi kabla haijaenda kwenye tumbo la mtu. Sikukosea."

"Haya, ni nini hasa? Unataka kutuvunjia chama kwa sababu ya mtu mmoja?"

"Amewapikia kwenye matanga ya mama yako mzazi."

Kisha akasema, kwa upole, "Unajua anayejitoa chamani hadai michango yake."

"Najua. Kifungu hicho nilikiandika mimi."

Nikajitoa, na mke wangu pia. Sikulaani mtu. Katibu alinitumia ujumbe wa neno moja, "Pole," nami nikamjibu asome sana, atatufaa.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Frogtown kwenye kikao cha Wakongo, nyumbani kwa mama yule, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa kwenye barabara ya University. Familia mbili kutoka Burnsville zilikuwa zimefika kabla yetu. Bibi aliketi kwenye kochi amefunikwa blanketi, mdogo kama mtoto, akinitazama.

"Huyu ni wa nani?" akamuuliza binti yake.

"Wa kwetu, mama. Ule sasa, usikilize."

Bibi alikula vijiko vitatu. Mimi niliwekewa sahani, na hoja ya kwanza ilipoletwa watu waligeuka kutazama mkono wangu kama walivyotazama mikono yao. Niliunyoosha.

Kule nilikochangia miaka sita bila kukosa mwezi, nimeacha dola elfu mbili mia moja na sitini.