Ile Damu Nyekundu ya Esta

Huku Lushoto kichwa cha msusi ndilo bango lake, na Esta alilifunika lake kwa kilemba tangu masika. Alisema ni baridi. Sawa, baridi ipo, ukungu huku unaingia chumbani bila hodi, lakini saluni yake ina jiko la mkaa na wateja wote walikuwa wamevua masweta. Wakaanza kumtazama. Wengine wakahamia kwa msusi mpya kule stendi, eti wanajaribu tu.

Ukweli ni kwamba tangu usichana Esta alijisuka rasta za kubana, za kuvuta mpaka nyusi zinapanda. Nywele za mbele zikahama moja moja, kisha kaya kwa kaya. Paji likapanda, likang'aa. Utosini kukabaki kama shamba la karoti lililong'olewa na mtu mwenye haraka. Siri hiyo aliijua Rehema peke yake, shoga wake muuza viazi, na siri ikikaa kwa Rehema ujue imepanga chumba cha muda.

Rehema ndiye aliyesikia kwamba Tanga mjini kuna kliniki inayotibu vichwa kwa damu ya mwenye kichwa. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka inajitenga, halafu yale majimaji ya njano ya juu, yenye chembe zinazosaidia kidonda kupona, wanakudunga kichwani ili mizizi ya nywele iamke. Esta alisikiliza kama mtu anayeuziwa shamba na mpangaji. Wakutoe damu, kisha wakurudishie? Mumiani gani hao wenye adabu? Lakini wateja walizidi kupungua. Akaenda, Rehema ubavuni.

Daktari Sharifu, kijana mpole, alimpapasa kichwa akamwambia wazi: mbele palipong'aa ni kovu, hapatarudi. Utosini mizizi ingali hai. Sindano huenda zikasaidia, huenda zisisaidie, na itabidi arudi tena na tena. Hapo ndipo Esta alipozidi kushuku. Waganga wote aliowahi kuwasikia waliahidi. Huyu asiyeahidi anaficha nini?

Hata hivyo alitoa mkono. Mashine ikavuma, ikanyamaza, kichupa kikatoka na njano juu, nyekundu chini. Daktari akaivuta ile njano kwenye sindano.

"Na hii nyekundu?" Esta akauliza.

"Hiyo hatuitumii, mama. Inakwenda kuteketezwa."

"Na nani?"

"Wahusika."

"Wahusika ndio akina nani? Kwangu mimi, daktari, mteja haondoki bila nywele zake. Nafagia, nafunga kwenye gazeti, namkabidhi akazifukie mwenyewe. Nifungie na mimi."

Daktari akaeleza kwamba damu haitoki nje ya kliniki, ni sheria, inaweza kuambukiza watu. Esta akataka kujua itamwambukiza nani ilhali ni yake. Daktari akasema ile njano haiwezi kusubiri sana. Haraka hiyo nayo Esta akaitilia shaka.

Rehema akamnong'oneza, "Shoga, kubali. Tumeshuka mlima wote ule."

"Wewe damu yako bado iko ndani," Esta akamjibu. "Ndiyo maana una busara."

Akasimama, akafunga kilemba. Alidai njano na nyekundu zichomwe pamoja mbele ya macho yake. Wakampeleka kwenye tanuri nyuma ya kliniki, na kila mhudumu alipomwambia arudi nyuma kwa sababu ya moshi, yeye alisogea mbele. Sindano hata moja haikumgusa kichwani.

Kesho yake Rehema alishasimulia soko zima kabla hajamaliza kupanga mafungu ya viazi. Saluni ikajaa, na hakuna aliyekuja kusukwa. Sabra, mteja wa miaka mingi, ndiye aliyethubutu.

"Dada Esta, vua tuone."

Esta akavua.

"Haya ni matunda ya kubana," akasema. "Nilijibana kama ninavyowabana ninyi mnaponiambia vuta, vuta. Sasa nani anakaa?"

Wawili wakakumbuka wameacha maharage jikoni. Sabra akasita, akavuta kigoda, akakaa.

"Suka," akasema. "Lakini usivute."

Kazi ikachukua asubuhi nzima. Muda wote Sabra alishikilia kioo, akiwa hajiangalii uso. Alikuwa anavichunga humo vidole vya Esta, visivute.