Machozi Yale Si Yangu

Nakumbuka siku moja kule kwetu Fizi, mjukuu wangu Riziki, nikiwa msichana mwenye tumbo tupu tangu asubuhi. Ng'ambo ya mto kulikuwa na matanga ya mzee nisiyemjua, na upepo ulileta harufu ya samaki. Nikavuka. Nikajitupa chini katikati ya wamama, nikagaagaa, nikaita "Baba yangu weee!" mpaka wafiwa wenyewe wakanyamaza kunitazama.

Mjane wa yule mzee, mama mfupi mwenye macho makavu, akanishika sikio.

"We mutoto, huyu unamulilia, jina yake nani?"

Nikatazama sufuria ya samaki.

"Ungesema uko na njaa, ningekupa chakula. Mi mwenyewe bado sijalia, na we umeshakuja kula na machozi yangu?"

Akanipa bugali hata hivyo. Ilinikaba, mpaka leo iko hapa kooni.

Sasa wewe! Chuo cha Lilongwe kinakufundisha kuandika, na mi nimejigamba nacho sokoni hapa kambini Dzaleka mpaka wamama wa Kirundi wamenichoka. Jumapili ukanisomea hadithi utakayotoa katika gazeti la chuo. Ndani kuna bibi mkimbizi. Anakaa mlangoni, anatazama milima, analia. Ukigeuza karatasi, bado analia. Nikakuuliza, "Huyu mama mgonjwa ni nani?"

Ukainamisha kichwa. "Njo we, nyanya. Benye gazeti balisema niongeze huzuni, njo bantu batasoma."

Mungu wangu! Mimi? Mimi niliyemkimbiza kwa mwiko kijana wa kabaza, wale wanaobeba abiria, alipopitisha baiskeli yake juu ya maharagwe yangu? Ninayeimba kanisani mpaka mchungaji ananiomba nipunguze?

Kulia nililia, ndiyo. Mara moja, njiani tukikimbia, siku tuliyomzika mama yako, na wewe ulikuwa mgongoni mwangu, umelala. Machozi hayo sikuyapeleka sokoni. Nawe hukuniuliza. Ukanitengenezea mengine, ya bei rahisi.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Kuuliza si ujinga. Basi sikiliza: usilie kilio cha mwenzako ili wewe ushibe. Ijumaa wanachapa, kabla ya hapo rudi kwao na hadithi nyingine. Andika kelele za maharagwe, andika na matusi yangu, sitakasirika. Wakikataa, leta karatasi nyumbani, nitawashia moto, tutapika, tutakula. Na siku ukitaka ile ya njiani, weka kalamu chini kwanza, ukae, uniulize. Nitakuambia hata jina la ule mti tuliomwacha chini yake.

Nenda, Mungu akupe sikio linalotangulia mkono. Jina lako lichapwe, lisomwe mbali, na mama yako huko aliko alisikie bila aibu. Amina.